Pikipiki Imepatikana, Sasa Ngoja Uitwe

(Maandishi ya mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana, Kibiti. Utani mwingine nimeuacha ukumbini na majina ya watu nimeyaondoa.)

Vijana wenzangu, poleni na safari. Najua wengine mmetoka Mbuchi na Msala, mmesubiri maji yajae ndipo mtumbwi utoke, kwa hiyo sitawachosha na Kilatini cha darasani.

Mada niliyopewa ilisomeka "Haki za raia akiwa mikononi mwa polisi". Nimeomba ruhusa ya mwenyekiti niipindishe kidogo. Leo nataka tuzungumze kuhusu mali ya raia ikiwa mikononi mwa polisi. Na nisieleweke vibaya, sizungumzii pikipiki iliyokamatwa kwa sababu umepakia mishikaki au huna kofia ngumu. Nazungumzia mali uliyoibiwa. Umelia, umeripoti, umepewa RB, polisi wamefanya kazi yao, wameipata. Mtaa mzima unakupigia simu, "Hongera, imepatikana!" Unavaa shati safi, unakwenda kituoni, unaiona kwa macho yako iko uani, unaambiwa: "Hiki ni kielelezo. Nenda nyumbani, tutakuita."

Sasa hapo ndipo kwenye mada yangu.

Mjini wakizungumza wizi wa namna hii wanazungumzia magari. Kwetu magari mengi ni ya wapita njia wanaokwenda Lindi na Mtwara, wanasimama Kibiti kununua machungwa na korosho wanaondoka. Mali yetu sisi ni pikipiki, na kule delta ni injini ya boti. Sheria ni ileile, awe mwenye Land Cruiser au mwenye Boxer iliyochoka. Tofauti ni kwamba mwenye Land Cruiser ana wakili na ana gari la pili. Bodaboda hana la pili. Pikipiki ikikaa kituoni mwezi mmoja, ni mwezi mmoja watoto hawajala vizuri.

Tuanze na upande wa polisi, maana nisipowatendea haki mtasema nimekuja kupiga siasa tu. Wana sababu ya kuishikilia. Mtu akishtakiwa kwa wizi, mahakama inataka kuiona mali yenyewe, na inataka kujua imepita mikono ya nani tangu ilipokamatwa hadi inapoingizwa mahakamani. Mahakama ya Rufani ilitoa mwongozo wa jambo hili kwenye Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, na tangu hapo mawakili wa utetezi hawajalala. Karatasi moja ikikosekana, wanasimama. Askari anayejua kwamba pikipiki ikipotea au ikibadilishwa rangi kesi inaanguka na yeye ataulizwa, atachagua kuifungia. Namwelewa. Isipokuwa uwanja wa kituo cha polisi hauna paa, na mvua ya masika hapa kwetu haina huruma na kabureta.

Ila sheria haikusema mali ikae pale mpaka ioze. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema mahakama inaweza kuamuru kielelezo kilichokwisha kutolewa mbele yake kirudishwe kwa anayestahili katika hatua yoyote ya shauri, kwa masharti itakayoona yanafaa. Hatua yoyote, jamani. Siyo lazima hukumu. (Namba za vifungu siwatajii kwa makusudi. Zinahamahama kila sheria zinapofanyiwa urekebu, utaikariri namba halafu karani akuambie hakuna kitu kama hicho. Shika maneno yenyewe.)

Kwa hiyo ujanja, kama tunaweza kuuita ujanja, uko hapa: kielelezo kitolewe mapema. Mwenye pikipiki mara nyingi ndiye shahidi wa kwanza. Kabla ya siku yako ya ushahidi, nenda kwa mwendesha mashtaka, ofisi ya mashtaka siyo kaunta ya polisi, mwambie kwa heshima kabisa: "Mheshimiwa, naomba siku nitakapotoa ushahidi pikipiki iletwe, niitambue, niitoe kama kielelezo, na uniombee kwa hakimu nirudishiwe." Hakimu akikubali atakupa masharti: usiiuze, usiibadilishe rangi, ilete ukiitwa. Unasaini, unaondoka nayo. Vilevile mtu akikamatwa na mali mkononi na akafikishwa mahakamani, sheria inampa hakimu uwezo wa kuamuru mali hiyo arudishiwe anayeonekana kuwa na haki nayo. Sasa niambieni ukweli, ni wangapi humu ndani mliwahi kuambiwa haya mkiwa kaunta?

(Hakuna aliyenyoosha mkono. Nimeandika hivyo maana ndivyo ilivyokuwa.)

Niwape mfano wa karibu. Mtoto wa mama yangu mdogo anaendesha bodaboda kwa mkataba, ile ya kupeleka hesabu kwa tajiri mpaka pikipiki iwe yako. Usiku mmoja abiria wawili walimkodi, wakampeleka hadi kwenye mikorosho, wakamfunga kamba, wakaondoka nayo. Alikuwa amebakiza miezi minne amalize mkataba. Baada ya siku tisa pikipiki ikapatikana, mtu mmoja akakamatwa nayo. Ilikaa kwenye kituo kimoja, sikitaji, miezi 14.

Katika miezi hiyo 14 tajiri hakuacha kudai. Hesabu ilikuwa shilingi 12,000 kwa siku. Piga mwenyewe, siku 30 ni 360,000. Tajiri anasema mkataba unasema siku, hausemi "isipokuwa ikiibiwa". Na kadi ya pikipiki ina jina la tajiri, kwa hiyo kila ndugu yangu alipokwenda kituoni aliambiwa, "Wewe siyo mwenye mali, aje mwenye jina." Mwenye jina yuko Mbagala, ana pikipiki nyingine kumi na moja, hana haraka. Ndugu yangu akawa yeye ndiye aliyefungwa kamba, yeye ndiye anayedaiwa, na yeye ndiye ambaye kwa mujibu wa kaunta hahusiki.

Siku ilipotoka, betri haikuwepo. Saiti mira hazikuwepo, plagi imeng'olewa, tanki limeota kutu ndani, majani yamepita katikati ya spoku. Akapewa karatasi ya kusaini kwamba amepokea pikipiki katika hali nzuri. Akasaini. Mtu aliyesubiri miezi 14 mnadhani angefanya nini? Lakini ninyi msisaini hivyo. Andika kwa mkono wako kwenye karatasi hiyohiyo: "Nimepokea bila betri, bila plagi." Wakikataa usiandike, piga picha pale pale nje ya geti, ukiwa na mashahidi, kabla hujaisukuma hata hatua kumi.

Dawa ya betri kupotea inaanza siku ya kwanza. Mali ikikamatwa, askari anatakiwa kuandika hati ya ukamataji, na aliyekutwa nayo na mashahidi waliokuwepo wasaini. Watu wengi wanadhani hati ile inamsaidia mshtakiwa tu. Inakusaidia na wewe mwenye mali. Ukipata nafasi ya kuiona, omba kwa upole iandikwe vizuri: namba ya chasisi, namba ya injini, ina betri, ina vioo viwili, kilomita kadhaa. Kitu kilichoandikwa kinaona aibu kupotea.

Halafu kuna hili la kuitambua. Mnaitwa kituoni, mnaingia uani, mnanyoosha kidole, "Ile pale!" Mmefurahi, na mmemfurahisha zaidi wakili wa mwizi. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba mwenye mali aeleze alama zake maalumu kwanza, kabla hajaonyeshwa. Kwa hiyo siku unayoripoti wizi, siyo siku inayopatikana, mwambie askari aandike kwenye maelezo yako: siti imeshonwa kwa uzi mwekundu upande wa kushoto, ekzosi imechomelewa, kuna stika ya Simba imechanika nusu. (Wenye stika za Yanga nao waandike.) Pikipiki nyekundu za aina moja ziko maelfu nchi hii. Yenye mshono wako ni moja.

Wenzetu wa delta, nimewaacha muda mrefu. Ninyi hali yenu ni ngumu zaidi, na ndiyo maana nimekuja. Injini ya boti haina kadi kama pikipiki. Uthibitisho wako ni risiti ya duka, na risiti nyingi zilikwenda na maji ya Aprili 2024 pamoja na magodoro na mpunga. Ukiibiwa injini Kiomboni, ikapatikana, ukaitwa Kibiti: unasubiri maji, unapanda boti hadi Nyamisati, unalipa, unapanda bodaboda au gari hadi huku, unalipa, unalala kwa jamaa, asubuhi unafika kaunta unaambiwa mpelelezi yuko safari. "Njoo keshokutwa." Kwa mtu wa Kibiti mjini "njoo keshokutwa" ni usumbufu. Kwa mtu wa Kiomboni ni nauli ya wiki nzima ya kamba aliovua. Wengi mnakata tamaa safari ya tatu. Na mali isiyodaiwa, sheria inairuhusu mahakama baada ya miezi 12 tangu shauri liishe iamuru iuzwe au iteketezwe. Hakuna wa kukupigia simu kukuambia shauri limekwisha. Unakuja kusikia injini yako iliuzwa mnadani na sasa inasukuma boti ya mtu mwingine, kwa risiti halali kabisa ya serikali.

Sasa mtauliza, kama hakuna kesi? Pikipiki imeokotwa imetelekezwa Jaribu Mpakani, mwizi hajulikani, hakuna mshtakiwa. Hapo hakimu hana shauri la kutolea amri, na hapo ndipo pikipiki nyingi zinapozeekea, chini ya neno moja: upelelezi unaendelea. Njia yako ni kalamu. Andika barua kwa mkuu wa kituo, ambatanisha nakala ya kadi, RB, na maelezo yako, omba kukabidhiwa kwa masharti. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Kimya? Andika kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, kisha kwa kamanda wa polisi wa mkoa, nakala kwa ofisi ya mashtaka. Barua yenye muhuri ni ya kuogopwa kuliko kelele za watu hamsini getini, na mimi nimeshashiriki zote mbili. Ukiombwa "hela ya mafuta" ili faili lisogee, namba ya TAKUKURU ni 113, haina gharama. Na ile kampeni ya msaada wa kisheria iliyopewa jina la Rais, wakifika kwenye kata yenu itumieni, msione haya. Fedha ni za kodi zenu.

Kuna watu wataniambia, dada, haiwezekani kuirudisha mali kabla ya hukumu, ushahidi utaharibika. Nina majibu mawili. La kwanza ni la nje. Oktoba 2002 Mahakama ya Juu ya India, nchi yenye vituo vya polisi vilivyojaa magari kuliko tunavyoweza kufikiria, ilisema hakuna faida ya kurundika magari vituoni. Piga picha, andika maelezo kamili, mwenye mali aweke dhamana, aondoke nayo, na vitu visikae kituoni zaidi ya siku kumi na tano hadi mwezi mmoja. Wakiona kesi zao hazijafa kwa sababu hiyo.

La pili ni la hapahapa nyumbani, na hili nalipenda zaidi. Mtu akikamatwa na nyama ya nyati huko hifadhini, nyama haisubiri hukumu, itanuka. Inapelekwa kwa hakimu, inaandikwa, inateketezwa, na ile karatasi ndiyo inakuwa ushahidi. Mahakama ya Rufani, Rufaa ya Jinai Na. 385 ya 2017, imesema utaratibu huo ni sawa alimradi mshtakiwa awepo mbele ya hakimu, asikilizwe, na picha zipigwe. Basi nauliza kama mwanafunzi tu: nyama ya nyati inaweza kuwa karatasi na picha na mtu akafungwa kwayo, pikipiki ya mtu mwenye wake na watoto inashindwaje?

Nije kwenye jambo zito kidogo. Wilaya hizi zina historia na polisi ambayo Moshi au Mbeya hawana. Mwaka 2017 tulizika wenyeviti wa vijiji, tulizika askari. Aprili 13 mwaka ule askari wanane waliuawa siku moja pale Mkengeni. Wauaji walitumia pikipiki. Likaja katazo, Kibiti, Rufiji na Mkuranga, pikipiki zisitembee kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Novemba 21 mwaka huohuo mwandishi Azory Gwanda akapotea hapahapa Kibiti, na hadi leo familia haina jibu. Kwa muda ule pikipiki yenyewe ilikuwa mshukiwa. Kijana aliyekuwa darasa la saba wakati ule leo ndiye bodaboda, na alikulia kwenye nyumba ambayo baba alisema, "Kituoni usiende, hata ukiibiwa." Nawajua watu walioibiwa wakanyamaza. Woga huo unamfaidisha mwizi peke yake.

Na wapo wazee humu ambao watoto wao waliondoka mwaka ule hawajarudi, na pikipiki au boti ya mtoto ina jina lake. Hawawezi kuidai, hawawezi kuiuza, hawawezi kuihamisha. Nisamehewe kwa nitakalosema, nalisema kwa adabu. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu asiyesikika kwa miaka mitano, na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake, achukuliwe kuwa amefariki, mpaka anayesema yuko hai athibitishe. Kutoka 2017, miaka mitano imeshapita. Familia inaweza kwenda mahakamani, ikateua msimamizi wa mirathi, na msimamizi akadai mali popote ilipo. Kuandika jina la mwanao kwenye fomu ya mirathi na hujaona kaburi lake, sina neno la kumwambia mama yeyote kuhusu hilo. Anayetaka kuifanya tutamsindikiza. Asiyetaka asisukumwe na mtu. Na kufungua mirathi hakuifuti haki ya kuuliza alichukuliwa na nani.

Tufanye nini sisi kama vijana wa chama? Tumezoea kudai makubwa, katiba mpya, tume huru, na tutaendelea kudai. Hili ni dogo, linaweza kupatikana mwezi huu. Kila kituo kibandike nje, kila mwezi, orodha ya pikipiki, magari na injini zilizopatikana: aina, namba ya chasisi, tarehe, mahali. Karatasi moja ya A4 na gundi. Kwa delta orodha ifike kwa watendaji wa vijiji, isomwe kwenye mkutano wa kijiji na msikitini baada ya Ijumaa. Mwaka 2021 serikali ilipunguza faini ya bodaboda kutoka 30,000 hadi 10,000 na ikapigiwa makofi, nami nilipiga. Lakini hesabu ya siku moja imeshaizidi faini hiyo. Kinachowamaliza bodaboda ni siku, na siku hizo hakuna anayezihesabu bungeni. Madiwani wetu nao, wa chama chetu, nimesoma mihtasari ya vikao kadhaa sijaona hata mmoja aliyeuliza pikipiki ngapi ziko uani kwa polisi. Tuanze na wao.

Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, na ikapendekeza Jeshi la Polisi lifumuliwe na kuundwa upya. Mapendekezo makubwa yana tabia ya kulala kabatini. Orodha ya A4 haihitaji tume.

Nimemaliza ya kusema. Tukitoka hapa, pale chini ya mwembe kuna meza na daftari kubwa. Njooni na kadi zenu, au picha ya kadi. Mwenye pikipiki ataandika namba ya chasisi na namba ya injini, na alama zake tatu ambazo mwizi hazijui. Mwenye boti alete namba iliyogongwa kwenye injini. Kama imefutika kwa chumvi, mafundi wetu wawili wako pale na msasa na tochi. Daftari litakuwa na nakala mbili, moja kwa katibu wa kata, moja abaki nayo mwenyekiti wa kijiji chako, wa chama chochote. Mliotoka Mbuchi na Msala mtangulizwe, maji yanaanza kupwa saa tisa.